Watu Watano, Vyumba Viwili

Kaka yangu Shaibu alipotutafutia vyumba viwili vya melini alidhani ametufanyia hisani, na hisani ilikuwa kweli, sikatai. Ila mtu akikaa pwani miaka mingi akiosha masufuria ya mabaharia, akilala bweni moja na watu asiojua hata kwao ni wapi, husahau watu wa kwao wanalala vipi. Shaibu alikuwa amesahau. Aliyelipia usahaulifu wake ni mimi dada yake, na nililipa kwa miguu.

Habari zilinikuta sokoni Nachingwea, nimekaa nyuma ya mafungu yangu ya choroko. Aliyezileta ni Severini, Mmakonde aliyekuwa akiendesha lori la mizigo kutoka Mtwara mpaka huku kwetu. Mtu mwema, lakini hana subira hata ya kusubiri chai ipoe.

"Mwanamvua, piga kigelegele," akasema. "Kaka yako anaoa Dar es Salaam mwezi ujao. Amesema na wakubwa wake wa melini, mmepewa vyumba viwili bure. Mama yako, mjomba wako, wewe, mumeo na mtoto. Kila chumba kina vitanda viwili, kimoja juu ya kingine. Mtoto atabanwa na mkubwa mmoja."

"Kimoja juu ya kingine vipi?"

"Juu, kama dari. Wa juu anapanda ngazi, wa chini anaangalia ubao aliolalia mwenzake."

Nikaacha kupanga mafungu.

"Halafu mumeo amepatiwa kazi bandarini," akaendelea. "Msimamizi wa makuli anamtaka mwanzo wa mwezi. Asipotokea, nafasi anapewa mwingine. Alhamisi asubuhi nitapita kwenu Ruangwa nikirudi Mtwara. Nataka majina: nani na nani chumba hiki, nani na nani chumba kile. Yanabandikwa mlangoni, na ukishapanda hakuna kubadilishana. Nisipopata majina, vyumba wanapewa watu wengine."

Akaondoka, akaniacha na choroko zangu na kichwa kinachouma.

Kwanza niseme kwa nini safari hii ilikuwa roho yangu. Mume wangu Ausi alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, pale pale Nachingwea. Wazungu walipokunja jamvi, trekta zikabaki zinaota kutu na Ausi akabaki na ufundi usio na chombo. Akarudi kwenye jembe, na jembe lilikuwa halimtaki. Tangu mwezi uliopita alikuwa anakwenda kumsikiliza wakala wa mkonge, yule aliyekuwa anaandikisha watu kwenda Tanga. Aliniambia wazi: "Nisipopata kazi Dar, naandika jina mkonge." Kwetu tunajua maana yake. Kati ya wanaume wa mtaani kwetu waliokwenda mkonge, aliyerudi ni mmoja, na aliporudi mkewe alikuwa ameshaolewa. Barabara ya Dar ilikuwa imekatika kwa masika, nauli hatuna. Kwa hiyo ilikuwa ni meli ile au mkonge, na mkonge sikutaka hata kuusikia.

Harusi nayo haifungiki bila mama, maana ndiye mzazi aliyebaki, wala haifungiki bila mjomba. Kwetu mtoto ni wa mjomba, baba hukaribishwa. Basi watu watatu ni lazima waende: mama, mjomba na Ausi. Na watu hao watatu ndio wasioweza kulala pamoja.

Ausi alipooa alikuja kwetu, akajenga nyumba yake ikikabili ile ya mama, kama ilivyo desturi. Tangu siku hiyo hadi Severini analeta habari, mama yangu na mume wangu hawakuwahi kutazamana usoni. Mama akisikia kikohozi cha Ausi njiani, anaingia majanini na ndoo yake ya maji kichwani. Ausi akiona kaniki ya mama kwa mbali, anageuza njia, hata kama alikuwa anakimbilia chooni. Maneno yao hupitia kwangu. "Mwambie mwenzio paa linavuja." "Mwambie mama nitapanda kesho." Wote wamekaa uani, wananisikia, wanasikiana, ila mpaka mimi nirudie ndipo neno lihesabiwe kuwa limefika. Nilikuwa nimeolewa, nimezaa, nimelima, na juu ya hayo nilikuwa bomba.

Mjomba Mbaruku naye ni mkwe vile vile, tena mkwe mkubwa, kwa sababu ndiye aliyepokea mahari. Mbele yake Ausi havui hata shati. Wakikutana, Ausi huchuchumaa pembeni ya njia, macho chini, mpaka mzee apite. Na mama na mjomba ni ndugu wa tumbo moja. Kaka na dada waliokwisha kuchezwa jando na unyago hawalali chumba kimoja hata nyumba nyingine zote ziungue moto.

Nilirudi nyumbani nikatandika mkeka, nikachora vyumba viwili kwa kidole kwenye mavumbi, nikachukua karanga tano. Huyu mama, huyu mjomba, huyu Ausi, huyu mimi, huyu Fatu. Mama na Ausi, haiwezekani. Ausi na mjomba, haiwezekani. Mjomba na mama, haiwezekani. Wanasema fahari wawili hawakai zizi moja. Mimi nilikuwa na fahari watatu na mazizi mawili. Nilizigeuza karanga zile mpaka mwanangu Fatu, wa miaka minne, akamchukua bibi yake akamtafuna.

Mtu wa mbali ataniambia: wanaume chumba hiki, wanawake kile, tatizo liko wapi? Nilimwambia hivyo hivyo Ausi jioni ile, akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nilale na mjomba wako? Nivue nguo mbele yake?"

"Lala na nguo."

"Na kitanda cha juu alale nani? Yeye magoti yake mabovu, hapandi ngazi. Nitapanda mimi. Nikanyage juu ya kichwa cha mkwe wangu? Nijigeuze usiku, nikorome, nijambe, juu ya kichwa cha mtu aliyenipa mke?"

"Basi usijambe!" nikasema kwa hasira.

"Nitalala sitahani," akasema. "Mimi mwanaume. Mvua siyo simba."

Nikashusha pumzi. Jibu ndilo hilo. Nikavuka ua nikamwambia mama kwamba mkwe wake amekubali kulala nje sitahani, kwa hiyo mambo yamekwisha. Mama akaacha kupepeta.

"Mimi nilale kitandani, mkwe wangu anyeshewe? Watu wa Ruangwa watasema Biasha alimtoa mkwe wake chumbani akajaza makalio yake. Mwambie mwenzio kama analala nje, na mimi nalala nje. Yeye upande huu wa meli, mimi upande ule."

"Mama, wewe una kifua!"

"Basi nibaki nyumbani. Nimebakiwa na mtoto mmoja wa kiume, sijamwona tangu ndevu hazijaota, lakini nitabaki. Mwambie Shaibu namwombea dua."

Akaanza kulia, na analia huku anapepeta, mawe na mchele vinaruka pamoja.

Nikavuka tena. Ausi kusikia mama anataka kubaki, akasema basi abaki yeye, aende mkonge, ndiyo njia iliyo safi. Nikavuka tena. Mama akasema mkwe hawezi kwenda mkonge kwa ajili yake, afadhali yeye afe. Nikavuka tena. Siku ile niliuvuka ua ule mpaka kuku wakaacha kunikimbia. Na linaloudhi zaidi ni kwamba hakuna aliyekuwa mchoyo. Wangekuwa wachoyo ningejua namna ya kugombana nao. Kila mmoja alikuwa anashindana na mwenzake nani ajinyime zaidi, na katika kujinyima huko walikuwa wanamnyima kila mtu. Heshima si utumwa, wanasema. Nani alisema hivyo, na alikuwa na wakwe wangapi?

Jumatano mjomba akafika kutoka Mbekenyera juu ya baiskeli yake, jogoo amening'inia kwenye usukani. Nilimwandalia ming'oko, viazi vyetu vya porini, nikapiga magoti, nikamweleza yote. Nilijua mzee ndiye mwenye amri. Akisema neno, limekwisha.

"Shikamoo mjomba, sasa tufanyeje?"

Mjomba akala ming'oko kwanza. Akanawa. Akajifuta ndevu.

"Mimi nitalala sitahani," akasema.

Nilitaka kumpiga na sahani. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Alhamisi asubuhi lori la Severini likasikika tangu kule mtoni. Likaja likasimama mbele ya ua, na hakuzima injini. Aliteremka na kipande cha penseli nyuma ya sikio.

"Haya, majina."

Mjomba alikuwa kibarazani kwa mama, ametazama barabarani. Mama alikuwa jikoni nyuma ya wigo wa mabua, tunaona moshi tu. Ausi alikuwa nyuma ya ghala, ametupa mgongo, anachonga mpini wa jembe usiohitaji kuchongwa. Na mimi katikati ya ua, mtoto kiunoni.

"Mwambie Severini asubiri kidogo," akasema mjomba.

"Mwambie mjomba asijisumbue, mimi nimeamua mkonge," akasema Ausi.

"Mwambie mwenzio asiseme maneno hayo kwangu," akasema mama kutoka kwenye moshi.

Kitu kikakatika ndani yangu. Nikakaa chini, pale pale mavumbini, katikati ya ua.

"Simwambii mtu," nikasema. "Masikio mnayo. Leo sipeleki neno la mtu yeyote, kwa mtu yeyote. Nimechoka. Mume wangu anakwenda kupotelea mkonge kwa sababu watu watatu wenye akili hawajui kulala! Sipeleki."

Ikasikika injini ya lori tu. Nadhani hakuna kati yao aliyewahi kufikiri kwamba bomba linaweza kuziba.

"Mwanamvua," akaita mama. "Mwambie mwenzio..."

Nikageuza uso.

"Fatu, mjukuu wangu. Mwambie baba yako..."

Nikamfunika Fatu mdomo kwa kiganja. Severini akatazama jua, akatazama lori, akazima injini. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona anafanya hivyo mizigo ikiwa garini.

Ndipo mama akaanza kusema na kuku. Alikuwa na kuku mweupe aliyezoea kudonoa karibu na jiko. Wazee wetu hufanya hivyo wakikosa mtu wa kumtuma: husema na kinu, husema na mbuzi, na anayehusika husikia.

"Wewe kuku," akasema nyuma ya wigo. "Mwambie mwenye nyumba ile asiende mkonge. Mwambie wigo alioujenga masika yaliyopita umeinama, sikupata kumwambia. Mwambie kisima alichochimba maji yake ni matamu."

Kuku akadonoa. Nikafikiri amemaliza. Kisha sauti yake ikashuka.

"Na mwambie, kuku, kwamba ile siku ya Hasani nilimwona."

Mjomba akageuza kichwa. Hasani alikuwa mdogo wetu, kitinda mimba wa mama. Homa ilimchukua katikati ya masika, mwaka juzi, siku tatu tu. Hatukuwa tunamtaja uani pale.

"Wanawake hawaendi makaburini, lakini nilipanda kwenye kichuguu, nikaona. Kaburi lilikuwa linajaa maji. Wakichota, linajaa. Wenye mikono walisimama ukingoni wanasema tungoje mvua ipungue. Huyu akaingia. Maji yakamfika mapajani, akachota kwa sufuria yangu ya kupikia mpaka nikaona ardhi. Mwanangu hakulazwa kwenye maji. Kuku, mimi sikumshukuru mtu huyo. Nilimtuma mwanangu habari za paa na habari za kuni, miaka yote nimemtuma. Lakini nitamtumaje mtu akanishukurie kaburi?"

Kuku akaondoka zake, akaenda kufukua chini ya lori. Mama akabaki hana wa kusema naye.

Nikasikia wigo wa mabua unasogezwa. Mama akatoka, kanga imemteleza begani, macho mekundu, sijui ya moshi au ya nini. Akapita mbele yangu. Akaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya ghala. Ausi alipoona miguu yake akataka kukimbia, lakini upande wa pili kulikuwa na ukuta.

"Ausi," akasema mama. Sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. "Inua uso. Ahsante."

Ausi akainua uso. Alikuwa mtu mzima, dereva wa trekta, mwenye mtoto, na machozi yakamtoka kama mtoto. Na mimi katika mavumbi nilikuwa nalia, na bado nina hasira, kwa sababu nilikuwa nimeishi kati yao miaka yote na hakuna aliyenipa kulibeba neno lile.

Mama akageuka kibarazani, mikono kiunoni.

"Na wewe Mbaruku, mtoto wa mama yangu. Mimi yangu nimekwisha kuyasema. Wewe bado umekalia heshima yako kama kuku wa kuatamia?"

Mjomba alishika nguzo ya baraza akasimama, magoti yakalia. Akakohoa. Alikuwa hamtazami mtu.

"Biasha, wewe ulikuwa kwenye kichuguu," akasema. "Uliona sufuria. Kilichofuata hukukiona, kwa sababu watu walikuwa wamesimama mbele yako. Niliingia kumpokea mtoto. Udongo ukanitoka miguuni, nikaanza kwenda chini na Hasani mikononi. Huyu akapiga magoti kwenye matope. Akaniwekea mgongo. Nikasimama juu ya mgongo wake, kwa miguu yangu hii, mkwe wangu, nikamlaza mtoto wetu sehemu iliyokauka. Alipotoka msuli wake wa kiunoni ulikuwa umebaki mle ndani, na sikuona uchi wa mtu. Niliona mtu."

Akateremka kibarazani ngazi moja moja, akaja mpaka alipo Severini.

"Mimi na huyu tumekwisha kukaa chumba kimoja," akasema, "na kile kilikuwa kidogo kuliko cha meli. Andika. Mbaruku na Ausi."

Severini akaichomoa penseli. Aliandika juu ya mlango wa lori, akauliza kwa sauti ndogo ambayo siyo yake: "Na kitanda cha juu, mzee? Wanataka kujua nani wa juu."

Ausi alikuwa amekwisha kufika, amechuchumaa pembeni ya njia kwa mazoea, macho chini. Mjomba akamwinamia. Akamshika chini ya kwapa, akamvuta mpaka akasimama wima, wakawa uso kwa uso.

"Juu yeye," akasema mjomba. "Mimi zamu yangu ilikwisha."